Sikuupata kwa Popo

Mimi ndiye yule mwanamke wa Ipuli aliyesemwa kwamba kaambukizwa na popo. Kama ulipita sokoni Tabora wakati ule huenda uliisikia habari yangu, na kama uliisikia, basi uliisikia vibaya. Sasa naiandika mwenyewe, mapafu yakiwa yamenirudia kiasi cha kuimba jikoni. Naiandika kwa ajili ya yule aliyekaa leo kwenye benchi la hospitali akisubiri jibu la kipimo, ilhali mtaani jibu lake limeshatoka. Sitaeleza udaktari. Siujui, na wanaoujua wapo. Nitaeleza nilivyougua, nilivyosemwa, na kwa nini leo natembea kifua mbele, kifua hikihiki kilichotaka kuniua.

Jina langu Hidaya. Nimezaliwa katika nyumba ya washona kofia. Baba alishona, bibi alishona, na mimi nilishika sindano kabla sijajua kusoma. Kazi ya popo ilinijia kwa njia ya sindano hiyohiyo. Walikuja watu wa utafiti wakapiga kambi Tura, kwenye kituo cha reli upande wa mashariki, kwa sababu kule imebaki miembe mikubwa ya njia ya zamani ya misafara, na popo wa matunda wamejaa humo. Walikuwa wanatafuta virusi vya njia ya hewa kwa wanyama wa porini, yaani popo, panya, hata komba. Nyavu zao ni nyembamba, ukizitazama dhidi ya jua huzioni, na zilikuwa zimechanika. Wakauliza mjini ni nani anayeweza kuziba tundu bila kuacha fundo. Wakaelekezwa kwangu.

Nikaziba. Mwezi uliofuata wakanichukua kambini nikazizibe hukohuko. Asubuhi moja nikawakuta vijana wawili wenye digrii wanahangaika na popo aliyejisokota wavuni. Mnyama analia, vijana wanatoka jasho. Nikasema, hebu. Nikavaa glavu na barakoa, nikautafuta uzi ulioingia mwisho, maana huo ndio unaotoka kwanza, kila mshonaji anajua. Popo akatoka mzima, bawa halikuchanika. Tangu siku hiyo sikuwa wa kuziba nyavu tu. Nilifundishwa kumshika popo, kumpitishia kijiti chenye pamba kooni, kukitia kijiti kwenye kichupa, kisha kumwachia aende zake. Mimi, mwanamke wa darasa la saba. Nalisema hili kwa kujivuna na siombi radhi.

Mkubwa wetu alikuwa Dokta Kondo, daktari wa wanyama, Mzaramo wa damu. Mimi Mnyamwezi, na makabila yetu hutaniana tangu zamani. Kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana majina.

"Mnyamwezi, babu zako walibeba pembe za watu kutoka hapa mpaka pwani," alikuwa akiniambia, "leo wewe unalemewa na kisanduku cha barafu?"

"Babu zangu walibeba, Dokta. Babu zako walikaa pwani wamekunja miguu, wanasubiri kuletewa."

Pale kambini palikuwa na sheria moja isiyo na utani. Kila asubuhi, kabla mtu hajaenda wavuni, tulisimama kuuzunguka moto na kila mmoja akataja hali yake, ikaandikwa daftarini. Nani ana mafua? Nani anakohoa? Nani koo linamwasha? Mwenye lolote hagusi mnyama siku hiyo. Dokta alitueleza mara moja tu. Alisema mafua yetu yanaweza kumwingia popo, na hata yasipomwingia, yakiingia kwenye kichupa hatutajua tena kipi ni cha mnyama na kipi ni cha mtu, na kazi yote itakuwa bure.

Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Tura inauma masikio. Wanafunzi walikuwa wamekuja kutoka Dar, na walikuja kufundishwa na mimi. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilishona hata mfuko mpya wa kutilia vichupa, wenye nakshi za kofia pembeni, ili waone. Nikaamka asubuhi ile koo linaniwasha.

Hakuna aliyejua. Nilikunywa chai ya tangawizi ya moto, likatulia. Nikasimama na wenzangu kuuzunguka moto, na nakiri kwamba nilisita. Nilijiambia ni vumbi la treni. Nilijiambia ni moshi. Zamu ikanifikia, na wale wanafunzi wananitazama na madaftari yao, nikasema, "Koo linaniwasha, Dokta. Tangu kuamka."

Hakunitania. Alinikalisha mbali na wenzangu akanipitishia mimi mwenyewe kijiti cha pamba puani na kooni, kilekile ninachowapitishia popo, na siku hiyo nikaelewa kwa nini wanang'ata. Halafu akasema, "Basi, Mnyamwezi. Tua mzigo, nenda nyumbani." Msichana mmoja miongoni mwa wanafunzi, anaitwa Neema, akakabidhiwa nafasi yangu na ule mfuko wangu wenye nakshi. Nilipanda treni nikakaa dirishani na barakoa yangu, nikalia mpaka Tabora. Nililia kwa aibu. Ugonjwa wenyewe sikuwa nimeuwazia.

Mume wangu, Ramadhani, ni fundi baiskeli. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba yetu hapo Ipuli. Siku ya kwanza alinichemshia maji. Siku ya pili homa ikapanda. Siku ya tatu sikuweza kufika chooni bila kukaa chini njiani. Siku ya nne akaita bajaji. Dokta Kondo alikuwa ameleta vichupa mjini asubuhi ile, na alipopigiwa simu akatukuta mlangoni mwa hospitali. Kitanda cha magurudumu kilikuwa kimechukuliwa na mgonjwa mwingine, na kutoka pale mpaka chumba cha kupigia picha ya kifua ni mbali. Dokta akavaa barakoa, akainama, akaniambia panda. Alinibeba mgongoni katika korido nzima, na alipofika katikati ya watu akapaza sauti.

"Enyi watu wa Tabora, tokeni muone! Leo Mzaramo kambeba Mnyamwezi! Dunia imepinduka!"

Korido nzima ikacheka, mpaka nesi aliyekuwa amenuna. Nami nilicheka, ingawa kicheko kilitoka kama mluzi. Wewe unayemsindikiza mgonjwa, nakusihi, kama mna utani usiuache nyumbani. Nilikuwa naogopa kufa, na kwa hatua zile nilisahau.

Ndani ya wodi siku sikuzihesabu kwa jua. Nilizihesabu kwa mitungi ya oksijeni. Mtungi wa kwanza sikumbuki kitu. Mtungi wa pili nilianza kumtambua Ramadhani. Wa tatu niliweza kumeza uji. Kitanda cha jirani alilala Mama Yohana, mkulima, Mmoravian wa huko vijijini, naye kifua kilekile. Kila jioni aliimba wimbo wa kanisani polepole, kisha ananiuliza, "Na wewe umeswali?" Nikishindwa kutamka ananiambia nitikise kichwa tu, Mungu ataelewa. Mwanawe akimletea matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ananivunjia kipande anakiweka juu ya shuka yangu. Sikuweza kukila. Nilikuwa nakishika tu, nanusa kwetu.

Sasa nije kwenye neno lenyewe.

Siku ya mtungi wa pili, daktari kijana alimwita Ramadhani kando akamwambia, "Mkeo tunadhani ana virusi. Tusubiri majibu ya Dar." Hakusema uongo. Lakini tuseme ukweli, kwetu neno virusi lina mwenyewe. Ukisikia fulani ana virusi, unatikisa kichwa, unasema pole, halafu unaanza kumkumbuka kila mtu aliyewahi kuonekana naye. Na pale koridoni Ramadhani hakuwa peke yake. Alikuwa na dada yake mkubwa, wifi yangu Mwajuma, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Neno la wifi katika nyumba yetu ni zito kuliko la imamu.

Kesho yake Ramadhani hakuja asubuhi. Alikuja mchana, uso umemshuka, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nimepima," akasema.

"Umepima nini?"

"Virusi." Akainama. "Mimi sina, Hidaya."

Nilimtazama yule mwanamume, mikono yake ina grisi ambayo haitoki hata kwa Sikukuu, na nikaelewa alichofikiri. Alikuwa amepanga foleni ya kupima Ukimwi, peke yake, akijua kwamba jibu lolote atakalopewa litamvunja. Akiwa navyo, tumekwisha sote. Akiwa hana, basi mkewe ndiye aliyevitoa nje. Nikaanza kucheka. Nikacheka mpaka bomba la oksijeni likanitoka puani, nesi akaja mbio, Mama Yohana akawa anauliza kuna nini. Halafu kicheko kikageuka kilio. Niliumia sana. Miaka kumi na minane ya ndoa, na alikwenda kupima kabla hajaniuliza. Nimemsamehe, lakini siandiki kwamba sikuumia.

Nesi ndiye aliyemweleza kwamba virusi ni vingi, kama wadudu walivyo wengi, na mimi kile kipimo cha Ukimwi walishanifanyia siku ya kuingia na sikuwa nao. Ramadhani aliikunja karatasi yake akairudisha mfukoni taratibu. Lakini wifi alikuwa ameshafika Ipuli, na habari haina breki.

Mtaa uligawanyika. Wengine wakasema Hidaya ana Ukimwi. Wengine, wanaojua kazi yangu, wakasema ni ugonjwa wa popo, ule unaotoka porini na kumaliza watu. Na wale wasiopenda ugomvi wakasema vyote viwili. Wifi akawachukua wanangu kwake, akatenga sahani yangu na kikombe changu, akavifunga kwa kitambaa chekundu mtu asivitumie. Kila aliyemwambia asubiri majibu alijibiwa, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Niliporuhusiwa kurudi nyumbani alinisubiri mlangoni, akazungumza na Ramadhani kana kwamba mimi sipo.

"Mdogo wangu, nisikilize. Huyu akirudi kwa hao popo, asirudi hapa. Chagua."

Ramadhani alitazama chini. Hilo ndilo lililoninyima usingizi kiangazi chote kuliko kikohozi. Kama jibu lingekuja kwamba ni ugonjwa wa popo, ningepoteza kazi, na nadhani ningepoteza nyumba. Na mbaya zaidi, ningekuwa kweli nimewaletea wanangu kitu kutoka porini kwa mikono yangu mwenyewe. Binti yangu Nasra alinikumbatia siku niliyotoka Tura.

Mwili nao ulikuwa umenikimbia. Kanga iliyokuwa inanibana ikawa inanizunguka karibu mara mbili. Nywele zilitoka na kitana. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ya kiume kidogo. Nikiita mtu dukani anageuka kumtafuta mwanamume. Lakini nililolilia ni mikono. Ilitetemeka. Nesi alisema ni dawa na udhaifu, itapungua, ila hakusema lini. Nilikaa na sindano na uzi asubuhi nzima nisiuingize. Kuna mzee mmoja niliyekuwa namshonea kofia. Alikuja kuichukua haijafika nusu, akaipokea kwa mfuko wa plastiki ulioshikwa kwa vidole viwili. "Utapona, mwanangu," akasema, akiwa ameshaanza kuondoka.

Mwezi wa saba niliweza kufika mlangoni. Wa nane nikafika kwenye bomba la maji na kurudi bila kukaa. Jirani mmoja tu, mama anayeuza vitumbua, hakunikwepa. Kila nilipofika bombani alinisogezea kigoda na kuendelea na maneno yake ya mtaani kana kwamba sijapata kuugua. Kama una jirani mgonjwa, fanya vile. Usimletee maneno ya hekima, msogezee kigoda.

Miti ya porini ilipoanza kutoa majani mekundu, kabla ya mvua, Dokta Kondo alikuja nyumbani na bahasha. Nilimwomba asinisomee mimi peke yangu. Ramadhani akaitwa kutoka kibandani, wifi akaitwa kutoka kwake. Tukaketi kwenye mkeka, wifi akachagua pembe ya mbali. Nilikuwa nabana mikono chini ya mapaja isionekane inatetemeka.

"Ni kirusi kimoja," Dokta akasema, "na ni cha mafua ya watu. Watoto hukipata shuleni, wakubwa hukipata harusini. Wengi kinawapitia kama upepo, wachache kinawalaza. Hidaya kilimlaza. Kilikuwa tayari kooni mwake asubuhi ile aliyosema koo linamwasha."

"Na popo?" Ramadhani akauliza.

"Tumewapima popo wote wa Tura wa wiki ile na ya kabla yake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa nacho. Hakupewa na popo, na wala yeye hakuwapa."

Nilivuta pumzi, na hiyo ndiyo ilikuwa pumzi yangu ya kwanza iliyofika chini tangu mwezi wa sita. Halafu nikakumbuka. Siku chache kabla ya safari ya Tura tulikuwa kwenye harusi ya mtoto wa binamu yao. Wifi alikuwa anakohoa, nami nililala naye godoro moja, tukanywea kikombe kimoja. Nilimtazama. Alikuwa ameshakumbuka kabla yangu. Macho yake yalikuwa kwenye mkeka, na kidole kinachokonoa ukindu.

Ningeweza kusema. Miezi mitatu ya kitambaa chekundu ilikuwa inanisukuma niseme. Nikasema tu, "Mafua hayana mwenyewe, wifi." Ukurasa huu nimemsomea yeye kabla ya mtu yeyote, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Andika. Ila uandike pia kwamba nilikuwa na hofu." Nimeandika.

Dokta hakuwa amemaliza. Alisema asubuhi ile niliyorudishwa, katika vichupa alivyochukua Neema, kilionekana kirusi cha popo ambacho wenzake hawajakiona kimeandikwa mahali popote. Hawajui kama kinamdhuru mtu, ndiyo maana wanaendelea kutafuta, tena kwa glavu. Walikipima mara nyingi kwa sababu swali la kwanza la kila mtu lilikuwa: je, hakikuchafuliwa na pumzi ya aliyemshika popo?

"Tukawaonyesha daftari," akasema. "Mtu pekee aliyekuwa na kitu kooni kambini hakufika wavuni. Alijitaja mwenyewe. Jibu letu limesimama kwa sababu wewe ulikaa pembeni, Mnyamwezi."

Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuyaficha, na kazi ya watu wengi haikuumbuka. Nimepata sifa chache maishani, nyingi zikiwa za kofia. Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na niliipata kwa kufungua mdomo na kupanda treni nikilia.

Wifi aliacha kuchokonoa ukindu. "Kwa hiyo atarudi huko?"

Safari hii Ramadhani aliinua uso. "Dada, mimi nilikwenda kupima ugonjwa ambao mke wangu hana, kwa neno nililolisikia nusu. Sitaki tena kuamua kwa nusu." Akanigeukia. "Hidaya, unataka kurudi?"

"Nataka."

"Basi."

Nilirudi Tura mvua za kwanza zilipoanza. Nilitaja hali yangu mbele ya moto: mzima, mikono inatetemeka kidogo. Popo wangu wa kwanza alinichukua muda mrefu kiasi cha kunitia haya. Ilibidi Neema amshike mabawa wakati mimi natafuta uzi, na mara mbili nilisimama kupumzika. Lakini alitoka mzima, akaning'ata glavu, nikampitishia kijiti, nikamwachia. Mikono mpaka leo si ile ya zamani. Kofia moja sasa inanichukua muda wa mbili. Wewe unayepona, usisubiri urudi ulivyokuwa ndipo uanze. Anza na huo utetemeko.

Wiki iliyopita nimerudi kutoka Tura na treni ya asubuhi. Nilikuwa nakaribia nyumbani nikasikia mteja kibandani anazungumza na Ramadhani. Hawakuniona.

"Fundi, hivi shemeji bado yuko na wale popo?"

"Yuko." Ramadhani hakuacha kuzungusha gurudumu. "Wale wana digrii zao, lakini popo wa Tura akijisokota wanamwita mke wangu."

Mteja akashusha sauti. "Na vile virusi je?"

"Virusi gani?" Ramadhani akauliza, kwa sauti ya mtaa mzima. "Viko vingi. Taja, nikuambie."

Mteja akageukia breki za baiskeli yake. Nikapita nyuma ya kibanda, nikaingia ndani, nikavua viatu.